Bibi wa Mtaa wa Courcelles

Siku Zélie Pruvost alipopata kazi katika nyumba ya Sidonie Marchal, mama yake alilia kama aliyeletewa habari za msiba. Walikuwa watu wa Picardy, watu wa viazi na rozari, waliohamia Paris baada ya baba kufariki, wakapanga chumba kule Batignolles juu ya duka la mkaa. Mama alikuwa mfagizi wa kanisa. Jina la Sidonie Marchal alilijua kama kila mtu mjini alivyolijua. Magazeti yalichora kofia zake, wanafunzi walimtungia nyimbo chafu, na padri aliwahi kumgusia kwenye mahubiri bila kumtaja, kanisa zima likajua anasemwa nani.

"Nenda kafue gerezani, nenda kakamue ng'ombe, lakini si kule," mama alisema. "Ile nyumba ni dhambi tupu, kuanzia msingi hadi paa."

"Mama, mimi naenda kupiga pasi tu."

"Utapiga pasi mashuka ya nani? Hebu niambie."

Mashuka yalikuwa ya nani kila mtu alijua. Mwanzoni yalikuwa ya kapteni mmoja wa askari wa farasi, halafu ya mwenye viwanda vya sukari, halafu ya waziri, halafu ya Bwana Delorge mwenye benki, ambaye ndiye aliyeijenga ile nyumba ya Mtaa wa Courcelles na kumkabidhi Sidonie funguo akiwa amepiga magoti. Hivyo ndivyo watu walivyosimulia. Sidonie alikuwa kahaba, lakini si wa kusimama chini ya taa za barabarani. Alikuwa wa wale wachache ambao mwanaume alijivunia kufilisika kwa ajili yao.

Zélie alikaa wiki nzima kwenye chumba cha pasi, nyuma ya jiko, bila kumtia machoni mwenye nyumba. Asubuhi moja alikuwa anahangaika na gagulo la kitambaa chepesi kama utando wa buibui, lenye marinda safu juu ya safu, aliposikia sauti mgongoni mwake.

"Utaliunguza hilo."

Aligeuka. Mwanamke wa umri wa kama miaka thelathini na kitu alisimama mlangoni peku, nywele zimemwagika mgongoni, amevaa gauni la kulalia, anatafuna mkate wa siagi. Zélie alimdhania mjakazi mwenzake aliyeamka vibaya.

"Haya, shika wewe basi, mjuaji."

Yule mwanamke aliuma kipande cha mkate kwa meno ili mikono iwe huru, akachukua pasi, akaisogeza karibu na shavu lake kupima joto, akairudisha jikoni, akachukua nyingine iliyopoa kidogo. Kisha akaipitisha kwa ncha tu, kwa wepesi wa mtu anayefuta machozi ya mtoto, na marinda yakasimama moja moja.

"He, dada," Zélie alisema. "Umejifunzia wapi wewe?"

"Batignolles. Nilianza nikiwa nasimama juu ya sanduku la sabuni, meza imenizidi kimo. Mama alikuwa akinigonga kisogo kila nikichoma kitu. Alinigonga sana."

Hapo msimamizi wa watumishi akaingia, akamwona, akainama hadi goti likaalika. "Bibi, samahani, sikujua umeshaamka." Zélie alirudi nyuma hadi ukutani. Sidonie alimrudishia pasi.

"Usiogope," alisema. "Toka niingie nyumba hii hakuna aliyewahi kuniita mjuaji. Nimefurahi."

Kuanzia siku hiyo Sidonie alimchukua Zélie awe wa chumbani kwake, na Zélie akaanza kumtazama. Alitarajia kuona shetani mwenye rangi mdomoni. Alichokiona kilimshangaza zaidi kuliko shetani. Bibi yule hakuwa mzuri sana. Pua yake ilikuwa pana, na jino moja la mbele lilikuwa limemkatika pembeni. Lakini akiingia ukumbini, watu walinyamaza kama wanaosikia mtu akishuka ngazi za kanisa. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, na sasa wanasiasa walikuja kumsomea hotuba zao kabla ya kwenda bungeni, naye aliwaambia wapi wanachosha. Jina la mke wa mpishi alilijua, na ugonjwa wa mtoto wa mlinda lango alijua umefikia wapi.

Jumapili alikwenda msitu wa Boulogne, kama matajiri wote. Tofauti ni kwamba aliendesha gari mwenyewe, farasi wawili wa kijivu, Zélie ameketi pembeni na shali magotini. Watu walipanda juu ya viti kumwona. Siku moja, wakikatiza sokoni, muuza samaki mmoja mwenye mikono kama magogo alipaza sauti:

"Tazameni jogoo alivyojichomeka manyoya. Shuka huko juu, mwanangu, mvua ikinyesha utabaki ngozi tupu."

Sidonie alivuta hatamu, farasi wakasimama. Soko likatulia. Zélie alitamani ardhi immeze.

"Mama," Sidonie alisema kwa lafudhi ileile ya sokoni, "nimesikia harufu ya hao samaki tangu darajani, nikasema kuna maiti imeibuka mtoni, ngoja nikatoe rambirambi. Kumbe ni biashara."

Soko lilipasuka kwa kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni yule muuza samaki. "Ni wetu huyu," aliwaambia wenzake akijifuta macho kwa aproni. "Msikieni alivyo na mdomo. Ni wetu."

Njiani kurudi Zélie alijitia ujasiri. "Bibi, naweza kuuliza kitu?"

"Unataka kujua kama naona haya."

Ndilo hasa Zélie alilotaka kuuliza.

"Niliona haya sana nilipokuwa na miaka kumi na sita, nina njaa, na kapteni wangu ameondoka na kikosi chake bila kuaga," Sidonie alisema. "Kuna wasichana wazuri kunishinda wanauza maua kwenye ngazi za kumbi za maigizo. Unadhani mimi nilipandaje? Nilikuwa natazama. Mtu akiingia chumbani najua anaogopa nini. Waziri anaogopa kuchekwa. Delorge anaogopa kufa peke yake. Ukishajua anachoogopa mtu, kuna njia mbili: umchome hapo, au umfunike. Wengi waliniumiza, Zélie, lakini mimi nilichagua kufunika. Ikawa ndiyo kazi yangu. Mengine ni mashuka tu."

Vita vilipokuja, Wajerumani walilipiga jeshi la Mfalme wa Wafaransa kule mashariki, wakamteka mwenyewe, wakaja kuizingira Paris. Kabla milango ya mji haijafungwa, Bwana Delorge alifika Mtaa wa Courcelles na gari lililojaa masanduku.

"Panda, Sidonie. Kesho hakuna treni. Tunakwenda London."

"Nenda salama, Auguste."

"Umesikia nilichosema? Watakula panya humu."

"Nimewahi kula vibaya zaidi," alimjibu. Akamrekebishia kola ya koti kama mtu anayemuaga mtoto wa shule, akambusu kwenye paji la uso, akamfungia mlango wa gari.

Wiki hiyohiyo alimwita Daktari Malherbe, mpasuaji wa hospitali moja iliyokuwa imefurika majeruhi. Daktari alikuja ameshika kofia, hajui atazame wapi, maana kuta za ukumbi zilikuwa na picha za wanawake wasio na nguo. Sidonie aliiona aibu yake, akazigeuza picha zote zielekee ukutani.

"Ukumbi huu unaingia vitanda vingapi, Daktari?"

"Bibi, watu watasema."

"Watu wamekuwa wakisema tangu nikiwa na miaka kumi na sita. Vitanda vingapi?"

Basi nyumba ile iliyoitwa ya dhambi ikajaa askari. Walilala ukumbini, kwenye chumba cha michezo ya karata, hadi juu kwenye maktaba. Watumishi wengi walikimbia, na waliobaki walifanya kila kazi. Mama yake Zélie, aliyeapa kutokanyaga pale, alikuja siku moja na ufagio wake wa kanisani, akafagia ukumbi mzima bila kumsemesha mtu, na kesho yake akaja tena. Sidonie alifunga kitambaa kichwani, akakunja mikono ya gauni, akashika kazi aliyoijua kabla ya nyingine zote. Alichemsha bendeji kwenye masufuria makubwa ya shaba, akazifua, akazianika, akazipiga pasi ili daktari azipate safi. Mikono yake, ambayo wachongaji waliwahi kuichonga, ilivimba na kupasuka kwa magadi.

Baridi ya mwaka ule watu wa Paris hawajaisahau. Barafu ilielea mtoni. Kuni zikaisha, mkaa ukaisha, miti ya barabarani ikakatwa. Majeruhi walikuwa wanatetemeka hadi vitanda vinagonga sakafu. Asubuhi moja Sidonie alipanda chumbani kwake na shoka la mpishi. Kule juu kilikuwapo kitanda chake kilichojulikana Ulaya nzima, cha mti mwekundu, kimechongwa matawi na ndege, mafundi wamekifanyia kazi miaka. Alipiga pigo la kwanza yeye mwenyewe, na askari wawili waliobakiwa na nguvu kidogo wakamalizia. Mmoja wao, mtu wa Burgundy mwenye mguu mmoja, alibeba ubao wenye ndege mikononi akautazama.

"Bibi, kuna mawaziri wangelia wakiona hiki kinakwenda motoni."

"Nimewaona wakilia kwa sababu ndogo zaidi," Sidonie alisema. "Leta hapa."

Ukumbi mzima ulicheka, hata wale waliokuwa hawajacheka tangu waletwe. Kwa kitanda kile walipata joto siku kadhaa.

Farasi walikuwa jambo jingine. Mji mzima ulikuwa unakula farasi. Kwa muda mrefu Sidonie alikwepa kulizungumzia, na watumishi nao walikwepa. Kisha daktari alisema wazi kwamba bila nyama vijana fulani hawatafika mwisho wa mwezi. Sidonie alikwenda bandani, akawasugua wale wa kijivu wawili hadi wakang'aa, akawaongoza kwa miguu yake mwenyewe hadi kwa mchinjaji. Hakumwachia mtu mwingine kamba. Mchana supu ilipoiva, askari, waliojua ni supu ya nini, hawakugusa vijiko. Sidonie akaketi katikati yao, akajaza bakuli, akanywa la kwanza mpaka likaisha, wote wanamtazama.

"Imekosa chumvi," alisema. "Kuleni."

Zélie alikwenda kujificha jikoni ili alie. Hakulia kwa ajili ya farasi. Alikuwa hajawahi kuona mtu wa namna ile na hakujua la kufanya na moyo wake.

Miongoni mwa majeruhi alikuwamo kijana wa Bretagne, Hervé de Kermorvan, mtoto wa watu wakubwa wa kule, aliyepigwa risasi ya tumbo kwenye mapigano ya Champigny. Homa ilipompanda alisahau Kifaransa chote akabaki na Kibretoni cha yaya wake na cha mashambani kwao. Aliita, "Mamm, mamm," na neno hilo kila mtu alilielewa. Alidhani Sidonie ndiye mama yake. Sidonie alimtafuta Mbretoni mwingine kwenye chumba cha karata, mkulima aliyekatwa mkono.

"Nifundishe, baba. Mama wa kwenu anamwambiaje mtoto anayeumwa?"

"Anamwambia, va mab, mwanangu, niko hapa, lala." Mkulima akamfundisha na yale mengine, ya kumbembeleza na ya sala, na Sidonie alizunguka jikoni akiyarudia mdomoni huku anakoroga bendeji, kama mtoto anayekariri somo.

Kijana alifariki mchana, theluji inaanguka, kichwa chake kimelala mapajani mwa Sidonie naye akimwambia maneno ambayo hakuyaelewa nusu yake. Alimwosha yeye mwenyewe. Alimvisha shati la kitani safi, na kola yake aliipiga pasi mara mbili.

Mapatano yalipowekwa na milango ya mji kufunguliwa, Bibi de Kermorvan alifika. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye nguo nyeusi, matope yamempanda hadi magotini, maana alisafiri sehemu ya njia kwenye mabehewa ya makaa. Zélie ndiye aliyemfungulia.

"Hii ndiyo nyumba ya yule mwanamke?"

Kabla Zélie hajafumbua mdomo, Sidonie alitokea nyuma yake, kitambaa kichwani, aproni imelowa, mvuke bado unamtoka mikononi.

"Ndiyo hii, bibie. Karibu usogee kwenye moto."

"Sikai humu. Nimeambiwa mwanangu alifia hapa. Hervé. Namtaka mtu aliyekuwa naye."

"Nilikuwa naye mimi."

"Nawe ni nani?"

Zélie alimwona bibi yake akimtazama yule mama usoni, kwa utulivu, jinsi alivyomtazama kila aliyewahi kuingia chumbani mwake. Haikuchukua muda.

"Mimi ni mfua nguo wa hapa."

Yule mama akakaa. Aliuliza yote ambayo mama huuliza, na Sidonie alimjibu yote bila kupunguza. Kwamba alikunywa supu asubuhi ile. Kwamba aliulizia mbwa, jina la mbwa ni Penn Du. Mama alifunga macho aliposikia jina la mbwa.

"Aliumia?"

"Aliumia, mama. Siwezi kukudanganya. Lakini mwishoni hakuwa na maumivu. Mwishoni alidhani uko naye."

"Alidhani hivyo?"

"Aliniita mama, nami nikaitika. Kama nilikosea, unisamehe."

Bibi de Kermorvan aliichukua ile mikono iliyopasuka, akaibusu kila mmoja, akaikandamiza kwenye mashavu yake. Alikaa hivyo muda mrefu. Aliposimama kuondoka alisita mlangoni.

"Kuna jambo limenikaba njia nzima. Yule mwenye nyumba. Alimkaribia mwanangu? Alimgusa?"

Zélie alifumbua mdomo kusema. Alipiga hatua mbele. Sidonie akamshika kifundo cha mkono, kwa nguvu, bila kugeuza kichwa.

"Hapana, bibie," alisema. "Hakupata kumgusa."

"Mungu asifiwe," mama alisema, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akaondoka, ameshaelekezwa vizuri kaburi la mwanawe lilipo.

Mlango ulipofungwa Zélie alikuwa analia kwa hasira. "Kwa nini, Bibi? Ulimwosha wewe. Alikufa umempakata wewe. Angekupigia magoti huyu."

"Angerudi Bretagne na nini, Zélie? Kila akimwaza mwanawe angeniona mimi. Alikuja kumchukua mtoto wake, si kunichukua mimi." Akajifuta paji la uso kwa kiwiko. "Leta maji mengine, haya yamepoa."

Zélie alikuwa amekulia kanisani, miguuni pa sanamu za plasta zenye taji za nyota, na tangu utotoni alijitahidi kuziogopa kwa heshima kama alivyofundishwa. Siku ile ndipo alipoonja woga wa namna hiyo bila kufundishwa na mtu. Alikwenda kuchota maji, na kila alipopita karibu na bibi yake alijikuta anapunguza mwendo.

Hadi anakufa, Bibi de Kermorvan hakujua.

Mabwana walirudi baada ya vita na baada ya umwagaji damu wa wenyewe kwa wenyewe uliofuatia. Bwana Delorge naye alirudi, mnene kidogo, tayari kununua kitanda kingine. Sidonie alimpokea kwa kahawa, akamsikiliza, akamwambia amechoka. Aliuza nyumba. Watu walisema amefilisika, wengine wakasema ameugua, magazeti yakaandika ya kuchekesha. Yeye na Zélie walifungua duka la kupiga pasi Batignolles, meza nne na jiko moja, na mtu aliyepita dirishani angemwona Sidonie Marchal amesimama na pasi mkononi, uso mwekundu kwa joto, anaimba.

Wasichana wa meza zile wengi walitoka gereza la Saint-Lazare, ambako polisi waliwafungia wanawake wa barabarani. Sidonie alikwenda kuwangoja langoni. Hakuwahubiria. Alisema, "Njaa ipo? Mkono mzima huo? Twende." Wengine walikimbia baada ya wiki, na mmoja alikimbia na mashati ya mwanasheria. Wengine walibaki, wakaolewa, wakafungua maduka yao mitaa ya kaskazini, nao wakachukua wasichana.

Mara moja alikuja binti mzuri kupindukia, kofia ya manyoya, akaketi juu ya kiti cha wateja.

"Mama, nimekuja unifundishe. Ulifanyaje wakakuinamia?"

"Wewe nani anakuinamia sasa?"

"Baroni mmoja. Lakini ana ubahili."

"Ukiumwa anakuja?"

Binti alifikiri. "Anatuma maua."

"Basi umeshajifunza yote niliyokuwa nayo ya kufundisha," Sidonie alimwambia. "Mimi nilipata maua mengi sana." Akamkaribisha supu. Binti alikunywa, akaenda zake kwa baroni wake, na Sidonie hakumsema vibaya.

Sidonie alifariki kwa kichomi majira ya kuchipua, nywele zimeshakuwa nyeupe. Magazeti mengi hayakusema kitu, na moja liliweka mistari miwili ya mzaha. Lakini asubuhi ya mazishi kanisa la Batignolles lilijaa wanawake wenye mikono myekundu ambao padri hakuwafahamu, waliokuja kutoka mitaa ambayo hakuwahi kuitembelea, na watoto wao, na wanaume wazee wenye magongo waliosimama nyuma bila kujitambulisha. Daktari Malherbe, amekuwa mzee na kiziwi, alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, "Sijapata kumwona mwanaume aliye jasiri namna ile." Padri akasubiri kidogo kabla ya kuendelea na sala.

Baada ya maziko walirudi dukani, wakatandika meza za pasi kwa vitambaa vya mezani, wakala soseji na mkate, wakanywa divai. Kila mmoja alikuwa na habari yake ya Sidonie, na nyingi Zélie alikuwa hajawahi kuzisikia: huyu alilipiwa mkunga, yule alisindikizwa mahakamani, mwingine alifundishwa kusoma kwa matangazo ya ukutani. Alikaa anasikiliza, amepigwa na bumbuazi, kwa sababu alidhani anamjua.

Jioni walipoondoka, Zélie alifungua dirisha harufu ya divai itoke. Jumatatu ilikuwa kesho, na mashati yalikuwa yameshalowekwa kwenye wanga.